Chaki Mfukoni

Miaka kumi na mmoja nachora pango ubaoni,
pango la chokaa, kama kitabu kilivyoagiza:
mawe yananing'inia darini kama chuchu za mbuzi,
mengine yanaota sakafuni, yakinyoosha shingo,
na kati yao upenyo wa kidole.
"Tone kwa tone," nawaambia. "Unene wa ukucha, miaka mia."
Wanaandika. Kengele inalia.
Nalifuta pango kwa kitambaa
na vumbi lake linanishuka kifuani.

Sijapata kuliona hata moja.

Jumamosi tulitoka Bukindo kwa miguu,
watoto thelathini na wawili, viazi ndani ya mifuko ya daftari.
Mashamba ya mihogo yakaisha, msitu ukatumeza.
Ziwa lilibaki nyuma ya majani,
tukilisikia tu, kama mtu anayeosha vyombo chumba cha pili.
Mbele yetu Namugunga, na filimbi yake shingoni.
Zamani alichoma mkaa humu humu, usiku;
sasa analipwa kuulinda msitu, mchana.
"Naijua miti," alisema, "kama mwizi anavyozijua nyumba."
Watoto wakacheka. Yeye hakucheka.

Pango halikuwa na mlango.
Majabali mawili yameegemeana kama walevi wanaosindikizana,
la tatu likawalalia mabegani,
na chini yao giza, lenye harufu kali ya popo.
Tukaingia kwa magoti. Nikawasha simu.
Ukuta ukameta: punje nyeusi, nyeupe, nyingine rangi ya ufizi.
Itale. Kila mahali itale,
jiwe gumu lisilolia, lisiloota.
Kilichoning'inia ni popo peke yao.

"Mwalimu," Nyabweke akaniita gizani,
sauti yake ikaenda, ikagonga, ikarudi imezeeka,
"chokaa iko wapi?"

Nikatia mkono mfukoni mwa sketi.
Kipande cha chaki, kifupi kama jino la mtoto.
Nikakiinua kwenye mwanga.
"Hii hapa," nikasema. "Ndiyo hii."
Thelathini na wawili wakanyamaza.
Na mimi nikanyamaza nao, maana nilikuwa sijawahi kuiona:
siku zote hizo nilichora pango kwa vumbi la pango.

Hapo tukalisikia.
Ti.
Kimya kirefu hata mtu angemaliza kuhesabu mbuzi wake.
Ti.
Namugunga akamulika kona ya ndani.
Chungu, mdomo umemeguka, kimejaa mpaka shingoni.
"Mvua ya juzi hiyo, inachujwa na jiwe," akasema.
"Kodi ya kichwa ilipofika kisiwani, babu mkubwa hakuwa nayo.
Bibi akamleta hapa, na mtoto mgongoni.
Mchana hawakohoi. Usiku wanakunywa hicho.
Siku arobaini."
Akasita. "Wengine husema ishirini.
Mtoto yule ndiye aliyemzaa mama yangu."

Hakuna aliyeandika. Hakuna aliyeambiwa aandike.
Nyabweke alichovya kidole, akakilamba,
akakunja uso: "Kutu."

Nilitamani kuiacha ile chaki kando ya chungu,
kama watu wanavyoacha ulezi mahali wasipopaelewa.
Lakini mwalimu mkuu wetu huzihesabu chaki, boksi kwa boksi,
na mshahara wangu unajulikana.
Nikairudisha mfukoni.

Jumatatu nilichora pango tena.
Mtihani haumjui Namugunga.
Chuchu za juu, shingo za chini, mishale, majina.
Kisha mkono ukashuka wenyewe mpaka kona ya ubao,
pasipo na mshale, pasipo na jina,
ukachora chungu, mdomo umemeguka.

Hakuna aliyeuliza.
Wakakinakili wote.