Hesabu ya Bwana Samaki

Shimo nilichimba mwenyewe, nyuma ya jiko,
pale tulipokuwa tukichota udongo wa kukandikia nyumba
mwaka ule Shengejuu iliponyeshewa siku tisa.
Udongo ule haunywi maji. Nalijua hilo kwa nyayo zangu.
Nikamwaga samadi ya mbuzi, nikangoja kijani kiive,
nikatia perege: majike kumi na mawili, madume manne,
waliokuja ndani ya dumu la mafuta lililokatwa shingo
juu ya baskeli ya Faki,
wakimrowesha mgongo tangu Konde.

Bi Raya akachungulia juu ya ua wa makuti:
"Mize, bahari yote ile, nawe wafuga samaki shimoni?"
Sikumjibu.
Bahari haina mlango wa kuufunga usiku.

Dume huchimba sahani topeni kwa mdomo,
hujitia weusi, hugombana na kila kivuli.
Jike hutaga, kisha huyaokota mayai yake,
huyatia kinywani, hufumba.
Siku kumi na zaidi, hali.
Pumba yampita puani, hali.
Shavu limemtuna kama la mtoto aliyeficha halua.
Sisi twasema mdomo ni jumba la maneno.
Lake limejaa wana,
maneno hayana pa kukaa.

Mara ya kwanza niliharibu mimi.
Niliona wingu dogo likitetema ukingoni,
vijitu kama kope zilizodondoka,
nikafurahi, nikaliacha palepale.
Asubuhi ya tatu wingu halipo.
Wameliwa na shangazi zao,
wameliwa na kaka zao wa mwezi mmoja,
na mdiria naye kachukua fungu lake.
Nilikaa juu ya ndoo hadi jua likanichoma utosi.

Sasa huamka alfajiri, maji yangali baridi,
nikavuta kipande cha chandarua polepole,
kama unavyomfunua mtoto shuka asiamke,
nikawahamishia kwenye karo la kufulia
nililolisugua siku tatu hadi harufu ya sabuni ikaisha.
Dagaa natwanga, nachekecha kwa mtandio kuukuu,
vumbi tu, mara tano kwa siku.
Kila Ijumaa nawatenga wakubwa.
Ndugu akikuzidi kinywa, si ndugu.

Juzi akaja bwana samaki kutoka Wete,
kijana, suruali kaikunja, daftari kwapani.
"Mama, walitotolewa wangapi?"
Nikamwambia watoto hawahesabiwi, naogopa jicho.
Akacheka kwa adabu.
"Haya, wako hai wangapi?"

Kalamu ikangoja.

Maswali yayo hayo, mpangilio uo huo,
niliulizwa na nesi dirishani,
kadi yangu imelowa jasho mkononi mwake:
umezaa wangapi, wako hai wangapi.
Visanduku viwili, upana mmoja.
Nilisema saba.
Nikasema wanne.
Akaandika bila kuinua uso, akaita mwingine.

Nikaingia ndani, nikatoka na kikombe cha kahawa.
Kijana akashukuru, akanyoosha mkono.
"Si cha kunywa," nikamwambia,
nikakizamisha karoni, kikajaa wana,
tukawamimina kwenye sahani nyeupe
tukahesabu, kichwa kwa kichwa, tukipotea, tukirudia:
mia na kumi na sita.
Karo lote likatoa vikombe ishirini na viwili,
jua likatupita bila kuaga.

Akazidisha pembeni mwa karatasi, akasoma kwa sauti:
"Elfu mbili mia tano na hamsini na mbili.
Niandike elfu mbili na nusu, mama? Ndiyo desturi."

"Hao wawili wa mwisho," nikamwambia,
"waandike kwanza."