Herufi Tatu

Nilipewa ndoo mbili na mkataba wa kurasa tisa.
Ya buluu, niandike. Nyekundu, nitie alama.
Sikuuliza alama gani.
Fundi rangi haulizi, anapimiwa kwa futi.

Walitoka Dodoma watatu,
viatu bado havijaonja vumbi letu.
Wakasimama juu ya stesheni ya Kigoma
wakalitazama ziwa kama mtu anayesoma bei.
Mwenye kishikwambi akasema:
"Tatizo la mkoa huu ni jina.
Mwisho wa reli! Nani atawekeza mwishoni?
Geuza. Reli ina ncha mbili, sisi tutaanzia hii."

Ukutani mwa ghala la forodha
marehemu baba alikuwa ameandika kwa lami, herufi za futi nne:
MWISHO WA RELI.
Nilipanda ngazi na kipimo, nikahesabu.
MWISHO, sita.
MWANZO, sita.
M ibaki. W ibaki. O ya mwisho ibaki,
ile ya baba, iliyolala kidogo upande wa kushoto
kwa sababu siku ile alikuwa na homa.
Nikapaka chokaa juu ya ISH,
nikaandika ANZ.
Herufi tatu.
Mkoa mzima ukageuka, na saa sita ilikuwa haijafika.

Ndoo nyekundu nikaenda nayo soko la Mwanga,
orodha mkononi, vibanda arobaini na kimoja.
Soko la kisasa linakuja, lina ghorofa, lina lifti,
nimeiona picha yake: watu wasio na vivuli
wakinunua nyanya zisizo na nzi.

Cha kumi na saba kilikuwa cha Bukuru,
anayenikopesha mawese tangu mke wangu alipojifungua.
Nikachora mstari mmoja. Nikakata kwa mwingine.
Akaweka chini kopo la dagaa.
"Feruzi, hiyo ni herufi gani?"
"Eksi."
"Ianze neno gani la Kiswahili?"
Nikatafuta. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikatafuta.
"Hakuna," nikasema.
"Basi umeandika kitu kisichosemeka mlangoni kwangu,"
akaendelea kupima dagaa wa mteja.

Taa za barabarani ziliwaka, siwezi kusema hazikuwaka.
Mwanangu Ntakije alifanyia hesabu chini yake, kule Gungu,
akapata tisini na mbili.
Nalisema hili kwa sababu ni kweli.

Kisha mvua ya Novemba.
Chokaa haina msimamo,
ISH ikatokeza nyuma ya ANZ kama mbavu,
na abiria wa treni ya asubuhi
wakawa wanasoma neno ambalo halijazaliwa.
Ile nyekundu ilikuwa ya mafuta. Haikutoka.

Vibanda vilivunjwa Jumatano.
Pale kwenye lifti pamebaki shimo, bata wanaoga.
Bukuru aliokota ubao wake mmoja, wenye alama,
akaulaza juu ya mawe kando ya uzio wa reli,
akapanga chupa zake za mawese juu yake.
Sasa hata wageni wanaoshuka na mizigo
huelekezwa hivi: "Vuka reli, uliza kwa Mama Eksi."
Hakuna aliyelipwa kwa jina hilo.

Nusu ya pili ya fedha zangu iko kwenye mchakato.
Kwake nadaiwa chupa mbili.
Jana aliniongezea ya tatu,
akaandika deni kwa mkaa, palepale ubaoni,
kwenye pembe moja ya ule mkato wangu
palipokuwa na nafasi.