Shimo Namba Tatu

Iringa, Juni. Baridi inang'ata hadi mizizi ya meno.
Tunachekecha udongo, Kihwele na mimi,
kwa ujira wa kutwa na chai ya rangi saa nne.

Sentimita tisini: majivu.
Mita moja na nusu: mawe saba, yamepangwa duara,
katikati jiwe la kusagia
limelala kifudifudi, tumbo lake jekundu kwa ngeu.

Mtaalamu akaandika *hekalu*,
akafikiri,
akaongeza alama ya kuuliza.

Mimi sikuuliza.
Mwaka jana, kabla ya kupanda, mama
alisimama hapa hapa, juu ya mawe asiyoyajua,
akanyunyiza unga wa ulezi, akanyamaza.

Jioni tunapanda ngazi.
Kihwele anatafuta viatu vyake.
Tangu Jumatatu tunaviacha nje ya pango
na hakuna aliyetuagiza.