Swali la Tatu

Nilikuuliza maswali matatu, Somoe,
umekaa kwenye mchanga mwekundu wa Kitangari,
kitambaa cha unahodha kimeshuka hadi kiwikoni.
Tuko wapi hapa? Uwanjani, ukasema.
Kipindi cha ngapi? Ukalitazama jua
kana kwamba litakunong'oneza, ukasema cha pili.
Tunacheza na nani?
"Mahuta," ukajibu, bila wasiwasi.

Mahuta tuliwafunga Jumatano.
Hawa wenye jezi za njano
walikuwa watoto wa Mkoma.

Basi. Nikanyoosha mkono kuomba mabadiliko.

Mliruka wawili kwa mpira mmoja.
Nilisikia mlio kutoka nilipokaa,
mlio wa mchi ukikosa nafaka na kugonga ukingo wa kinu.
Hukuzimia. Hilo wanalisema mpaka leo:
mbona hakuzimia, mbona alisimama mwenyewe?
Wala hukutoka damu, na asiyetoka damu,
kwetu, ni mzima.

Mmwagie maji! Mpeni soda!
Mtoto wa Kimakonde huyo, kichwa mpingo!

Mpingo ni ganda tu, nilitaka kuwaambia.
Ndani mnakaa kitu laini kama uji wa mhogo,
na uji ukitikiswa haupigi kelele.
Lakini nani asikilize?
Mjomba wako Chilumba alivuka mstari wa chokaa,
akanisogelea mpaka nikanusa ugoro wake:
"Madamu, sema kweli. Umepewa ngapi?"

Dakika tano baadaye wakatufunga.
Ulilia, na hukulia kwa maumivu.

Sijakuambia habari za Fakihi.
Nanyamba, mwaka wangu wa pili kazini. Kipa.
Aligonga mlingoti, akayumba,
na maji nilimmwagia mimi, kwa mkono huu huu.
Nikamwambia: kaza.
Akakaza. Akagongwa tena kabla ya filimbi,
akadaka mpira hivyo hivyo, tukambeba juu juu.
Usiku aliuliza mara nne nani kashinda,
na sisi, Mungu atusamehe, tulicheka mara nne.

Sasa anauza vocha karibu na soko.
Kofia haivui, mwanga unamchoma.
Chenji ya mia tano anaihesabu, anarudia,
wateja wanaguna.
Nikipita ananiamkia vizuri, kwa heshima zote.
Natamani siku moja anitukane.

Ndiyo maana bajaji ya Nampoto ilikwenda mwendo wa konokono
na wewe ukatapika mapajani mwangu kabla ya kufika Newala.
Daktari hakusema mengi. Apumzike.
Usiku huu asiachwe peke yake.
Kichwa kikizidi, akitapika tena, akiamshwa na asiamke sawasawa,
mrudisheni, hata iwe saa nane za usiku.
Mama yako alikesha kitako, simu yako kaifunga
kwenye pindo la kanga.
Nawe ulimwambia: Madamu kaniua.

Siku ya kumi na tisa leo.
Shikamoo yako bado fupi, haina mkia.
Wiki iliyopita ulitembea tu. Juzi ulikimbia taratibu,
raundi tatu kuzunguka mikorosho ya shule,
kila raundi nakuuliza kichwa, kila raundi unabetua midomo.
Leo nimekupa mpira, wa miguuni peke yake.
Wa kichwa bado. Hata ukininunia hadi msimu wa korosho,
bado, mpaka daktari aandike.

Wenzako wanavaa jezi. Unawatazama
kama mtu wa saumu anayetazama chungu cha jirani.

Nikakaa kando yako. Somoe, nikasema,
tuko wapi hapa?
Kimya.
Kipindi cha ngapi?
Ukachora kitu mchangani kwa kidole.
Leo tunacheza na nani?

"Leo sichezi na mtu, Madamu.
Wewe si umenikataza?"

Nikafungua daftari, nikaandika: sahihi.