Siku ya Jumatatu

Usiku ule Gocha aliingia sandukuni mara kumi na nne,
akachuchumaa, akakaza mgongo,
akatoa tone moja la damu
na mlio wa mlango wa chuma.

Nikamfunga ndani ya koti. Theluji ilikuwa ikianguka Kutaisi.
Nilivuka daraja kwa miguu,
tumbo lake gumu kiganjani mwangu kama limau bichi.

Daktari Lamzira alibonyeza, akanuna.
"Vijiwe tena. Mara ya tatu.
Nikimzibua kwa mrija, kabla ya Pasaka mtarudi.
Njia ya dume huwa nyembamba mwishoni.
Nikate hapo penye wembamba,
nimfungulie mlango juu zaidi, palipo papana."

Miaka arobaini na moja nimekuwa fundi bomba.
Wengine huambiwa wazibe ufa wasije wakajenga ukuta;
mimi riziki yangu ilikuwa kuzibua.
Nimekata mabomba ya Wasovieti yaliyonenepa kutu,
nayajua maji: hayana subira wala heshima.
Hata hivyo niliuliza, kwa sauti ya chini,
"Atabaki dume?"
"Udume si mrija, Zauri."
Nikalipa kwa fedha ya jiko jipya.

Saa mbili kwenye benchi.
Nilikwenda msalani, nikasimama, nikangoja,
nikafungua maji ya sinki ili yanishawishi.
Yangu nayo yana foleni siku hizi.
Sijamwambia mtu.

Gocha alitoka na kola ya plastiki kama kivuli cha taa,
nyuma kanyolewa, nyuzi nyeusi,
macho mazito ya mlevi.
Tsiuri wa ghorofa ya pili akachungulia: "Sasa ni bibi huyo."
Ni hai, nikamjibu.

Siku kumi na mbili nilichana magazeti badala ya mchanga:
hotuba za wabunge, matangazo ya vifo.
Nililala mlango wazi, nikisikiliza.
Saa tisa na nusu, usiku wa manane,
karatasi ikakwaruzwa,
kisha shwaaa,
ndefu, bila kukatika,
kama ya mtu asiyedaiwa bili ya maji.

Nilicheka gizani peke yangu.
Halafu nikaamka, mara ya tano usiku huo,
nikasimama penye tundu langu, nikangoja.
Akaja akakaa mlangoni, kola ikigonga mwimo,
akanitazama.

"Basi," nikamwambia. "Jumatatu.
Nitakwenda Jumatatu."