Omu Arobaini

Katapila limesimama kwenye kona juu ya Becho,
mkono hewani, kama mtoto aliyenyoosha kidole darasani
na mwalimu akapita.
Injini inanguruma. Pampu haisikii.
Kwenye kioo, kosa lilelile, kwa herufi za Kijapani
ambazo Murtazi anazisoma kwa rangi tu:
nyekundu, maana yake hasara.

Alilinunua mkononi, bandarini Poti,
saa elfu tisa kwenye mita, na hizo nazo
ni saa za mdomo wa muuzaji.
Theluji imeshafika mabegani mwa mlima.
Ikishuka, vijiji vitatu vya juu havina barabara.

Mafundi wawili walishapita.
Wa kwanza alibadilisha kompyuta ya pampu, akala lari elfu mbili.
Wa pili alibadilisha ile aliyoibadilisha wa kwanza.
Zote mbili zimelala kwenye boksi,
nzima kabisa.

Ndipo shangazi yangu Tsiala akashuka garini
na mita yake ya njano, mkate wa jibini kwapani.
"Zima. Zima kabisa, toa na betri.
Mgonjwa hapimwi akipiga kelele."

Mimi, kazi yangu tochi.

Akanieleza, kichwa kikiwa ndani ya paneli nyuma ya kiti:
nyaya mbili zimesokotwa pamoja,
humo ndimo wanamosemea wote:
injini, pampu, kioo, kijiti cha mkononi.
Penye wengi pana mengi, lakini hapa pana zamu.
Mwisho huku kuna kikinza, mwisho kule kikinza,
omu mia na ishirini kila kimoja,
kazi yao kulimeza neno likifika ukingoni
lisirudi mwangwi likawachanganya wenzake.
Ukipima nyaya kwa pamoja, sitini.
Sitini ni amani.
Mia na ishirini, mmoja kakatika.
Sifuri, nyaya zimekumbatiana.

Akagusisha ncha.
Akazitoa, akazifuta kwa shati, akagusisha tena.
Arobaini.

Murtazi akauliza, "Ni mbaya?"
Hakujibiwa.
Arobaini si kukatika. Arobaini ni kuzidi.
"Humu ndani," akasema Tsiala, "kuna mtu wa tatu."

Tukamtafuta waya kwa waya.
Chini ya zulia, tope kavu la nchi nyingine.
Panya, mwepesi kama jani.
Risiti iliyofifia ikabaki nambari tu.
Utepe wa fundi wa kwanza, utepe wa fundi wa pili,
hakuna aliyeufungua wa mwenzake.
Vidole vyangu vilishakufa kwa baridi
tulipolifikia, nyuma ya kipasha joto:
kisanduku cheusi, ukubwa wa mche wa sabuni,
kimefungwa vizuri, vifungo vimekatwa sawasawa,
mkono wa mtu makini.

Kifaa cha kufuatilia.
Kuna tajiri huko aliyetaka kujua usiku
mali yake imelala wapi. Akauza mali, akamsahau mlinzi.
Na yule mtu makini, kwa umakini wake,
alikipa kikinza chake mwenyewe, ati asikosee.
"Pwani kwenye joto walivumiliana," Tsiala akasema.
"Huku kutu na baridi vimewamalizia subira."

Akakata.
Sitini.

Betri ikarudi, kioo kikawaka bila wekundu,
mkono ukashuka taratibu ukagusa changarawe.
Murtazi hakushangilia. Alitazama lile boksi.
"Zile elfu mbili," akasema, "nazo zimekwama waya gani?"

Kile kisanduku nikaambiwa nitupe.
Sikutupa. Kina betri yake ndogo tumboni,
na taa ya kijani isiyozidi punje ya mtama.
Siku tatu kimekonyeza dirishani kwangu:
nipo hapa, nipo hapa,
huku nje katapila likisukuma theluji kuelekea juu.
Usiku wa nne kikanyamaza.
Sijui kama betri iliisha
au kuna aliyeitika.