Tezi

Mara ya kwanza nilidhani amekanyaga chupa.
Matone mekundu juu ya mawe ya Bugarika,
kuanzia mlangoni kwangu
hadi bombani kwa mama Ng'washi.
Nikamkagua nyayo zote nne. Nzima.
Damu ilitoka pale
ambapo mwanamume hapatazami mara mbili.

Dawa siku kumi. Ikakata.
Vuli, ikarudi. Dawa tena.
Kwaresima ikarudi na usaha,
na Hakimu, aliyemfukuza mwizi wa mabati hadi Igogo,
akawa ananyanyua mguu penye nguzo,
anasubiri,
anasubiri,
kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani.

Daktari Nyanzobe akavaa glovu, akapapasa kwa ndani.
"Tezi dume. Imevimba.
Dawa inafagia ua, anayechafua yumo chumbani.
Tutoe korodani, tezi itanywea yenyewe."

Kijiweni walicheka hadi kete zikamwagika.
"Utabaki na paka anayebweka," alisema Lushinge.
"Dume ni dume, hata likivuja."
Sikujibu. Nilikuwa nimebana,
natafuta namna ya kuinuka mara ya tatu
bila mtu kuhesabu.

Nyakato, meza yenye mpira wa kijani.
Nilimshika kichwa hadi sindano ilipomlegeza,
ulimi ukaning'inia kama ndala iliyolowa.
Kisu kilipita padogo, hapazidi kidole.
Nilitegemea kitu kikubwa zaidi.
Viwili, vyeupe, kwenye bakuli la bati,
kama furu ambao hata mtoto angewarudisha ziwani.
Hivyo tu.
Ndivyo tulivyovipigania kijiweni.

Siku kumi na nne alivaa ndoo ya rangi
niliyoitoboa kitako, asilambe nyuzi,
akagonga kila jiwe mlimani: ko, ko,
watoto nyuma yake wakiitikia hodi.
Wiki ya sita mawe yakakauka.
Na kubweka anabweka.
Iulizeni suruali ya Lushinge.

Sasa Hakimu analala hadi adhana.
Anayeamka ni mimi.
Mara ya kwanza taa za wavuvi wa dagaa zimejaa ziwani,
mara ya pili zimepungua,
mara ya nne zimebaki za Bugando tu,
kule kilimani, ambako hawazimi.
Nasimama nyuma ya nyumba. Nasubiri.
Mbwa anafumbua jicho moja,
ananitazama nilivyokuwa nikimtazama.

Ndani, gizani, mke wangu anauliza:
"Hiyo ni ya ngapi?"